Kutoka "Mbwa Kali" hadi Mdomo Laini

Pita Oysterbay, pita Njiro, pita Nyali au Karen, utakikuta kibao kilekile getini: MBWA KALI. Walimu wa Kiswahili wamesema mpaka wamechoka kwamba sarufi inataka "mbwa mkali", lakini kibao hakisikii, na mwizi naye hasimami kukisahihisha. Wapo wasio na mbwa kabisa ambao wamekitundika, na kinafanya kazi. Kwetu mbwa wa mjini ameajiriwa kwa sababu ya meno yake. Mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa, na ukali wake ndio unaomlipia ugali na dagaa.

Ukihamia Wheaton, ajira hiyo haipo. Nyumba nyingi za mitaa ya huku nyuma ya Georgia Avenue hazina geti, na mbele hazina hata uzio. Mtu wa posta anakuja mpaka mlangoni, kijana wa vifurushi anakuja mara tatu kwa siku, na watoto wa jirani wanakatiza kwenye majani yako kana kwamba ni njia ya serikali. Mbwa analala ndani, sebuleni, pamoja na watoto wako. Hapo ukali wa mbwa haukulindi. Unakuweka rehani.

Jimbo letu la Maryland lina historia yake katika jambo hili, na wapangaji wanafaa kuijua. Mwaka 2012 mahakama ya juu ya jimbo, katika kesi ya Tracey dhidi ya Solesky, iliamua kwamba pit bull ni mbwa wa hatari kwa asili yake, na kwamba hata mwenye nyumba anayejua kuwa mpangaji wake anamfuga anaweza kuwajibika. Mwaka 2014 Bunge la jimbo likaja na sheria nyingine isiyotazama aina ya mbwa. Sasa mbwa yeyote akimjeruhi mtu, sheria inaanza kwa kudhani kwamba mwenye mbwa alijua, au alipaswa kujua, kwamba mbwa wake ni wa hatari, na ni juu yake kuleta ushahidi wa kuipinga dhana hiyo. Mbwa akijeruhi mtu huku anazurura bila kamba, mambo ni mazito zaidi. Hakuna anayekuuliza kama alikuwa anacheza tu.

Nyumbani kwetu mtoto wa mbwa aliingia Januari, akiwa na umri wa wiki 9 hivi, kutoka kituo cha wanyama cha kaunti kilichoko Derwood. Watoto walimpa jina Chai, kwa rangi yake ya chai ya maziwa. Nilijaribu kuwaeleza kwamba kwa vijana wa Dar siku hizi "chai" ni uongo, hawakujali. Na Mei, mama yangu alikuwa anakuja kutoka Marangu kukaa nasi miezi mitatu.

Mama anaogopa mbwa, na ana sababu. Akiwa darasa la tatu aling'atwa kwenye shavu la mguu na mbwa asiyejulikana wa nani. Enzi hizo dawa ya kichaa cha mbwa ilikuwa sindano za tumboni, moja kila siku, siku 14 na zaidi. Baba yake alimpeleka kwa miguu asubuhi kwa asubuhi. Mama amezaa watoto watano na amefanyiwa upasuaji mara mbili, lakini akitaka kueleza maumivu anarudi kwenye zile sindano. Wengi wetu tumelelewa na watu wa namna hii, kwa hiyo tunapowasikia wazee wakisema "mtoe huyo mnyama hapa", tusiwacheke. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Marekani ilitangaza mwaka 2007 kwamba kichaa kinachoenezwa na mbwa kwa mbwa kimetokomezwa nchini humu. Kilichobaki kinabebwa na popo, rakuni, mbweha na wanyama wengine wa porini. Na msidhani ni miujiza ya Wazungu. Pemba, kisiwa chetu, waliuondoa ugonjwa huo mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, ukarudi 2016, wakauondoa tena ilipofika 2018.

Basi tulikuwa na miezi minne. Mbwa mwenye meno kama sindano, mtoto wa miaka 6, mtoto wa miaka 10, na bibi yao njiani.

Meno yanafundishwa

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, membamba na makali kupita ya mbwa mkubwa. Hana mikono, kwa hiyo kila kitu anakijua kwa mdomo: kiatu, mguu wa kiti, kidole chako. Akiwa na ndugu zake anajifunza jambo moja kubwa. Akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake anapiga kelele na mchezo unakwisha. Akimng'ata mama yake anaponyonya, mama anasimama na kuondoka. Kidogo kidogo anapima nguvu ya taya zake. Ndiyo maana haifai kumtoa kwa mama kabla ya wiki 8. Akija kwako, darasa hilo halijakwisha. Wewe ndiye mwalimu wa zamu.

Aliyelifanya jambo hili lijulikane ni Ian Dunbar, daktari wa wanyama kutoka Uingereza aliyehamia California na kuanzisha huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, madarasa ya watoto wa mbwa wasiofungwa kamba. Hoja yake ni kwamba usikimbilie kumkataza mbwa mdogo asiguse mtu kwa meno kabisa. Mfundishe kwanza kupunguza nguvu, kisha ndipo umfundishe kupunguza mara. Sababu yake ina mantiki. Siku moja mlango utabana mkia wake, au mtoto atamwangukia akiwa usingizini, naye atageuza kichwa na kufunga mdomo kabla hajawaza. Mbwa aliyejifunza kupima meno atakugusa tu na kuachia. Mbwa ambaye hakuwahi kupima, maana tangu utotoni alikatazwa tu, hana kipimo cha kukitumia siku hiyo. Dunbar ana hata ngazi sita za kupima ung'ataji, kuanzia kutisha bila kugusa ngozi hadi kifo, na madaktari na wakufunzi wanaitumia mpaka leo.

Mume wangu hakukubali. Alisema nyumba yenye mtoto wa miaka 6 haiwezi kuwa maabara, na wapo wakufunzi wengi wazuri wanaokubaliana naye, wanaokataza meno kwenye ngozi tangu siku ya kwanza. Tulijadiliana siku mbili, tukagawana. Watu wazima tulifanya ngazi kwa ngazi kama Dunbar anavyotaka. Kwa watoto, meno kwenye ngozi ni marufuku, na mchezo wao na Chai unapitia kwenye kitu: kamba nene, mpira, kitambaa kilichofungwa mafundo. Mkono wa mtoto haukuwa kitu cha kuchezea. Naona ulikuwa mpango mzuri, na ningewashauri wenye watoto wadogo wafanye hivyo.

Ngazi yenyewe ilikwenda hivi. Nakaa sakafuni naye, mkono wangu uko mdomoni mwake, laini. Akibana mpaka nikaumia, mchezo umekufa papo hapo. Sikemei, simtazami. Nasimama, navuka kile kigeti cha kuzuia watoto kwenye ngazi, nakaa upande wa pili nusu dakika hivi, narudi. Akibana tena, naondoka tena. Jioni ya kwanza nilivuka kigeti mara 11. Mwisho wa wiki ya pili alikuwa habani mpaka maumivu. Ndipo unapandisha kiwango: sasa hata mbano usiouma unamaliza mchezo. Kisha unamfundisha kuachia kwa neno. Kisha, mwishoni, kwamba haanzishi yeye kuweka mdomo kwa mtu. Kwetu ilichukua kama wiki 10 mpaka hapo.

Kuna ushauri wa kupiga yowe "Aii!" kama mtoto mwenzake wa mbwa. Jaribu, lakini mwangalie. Wapo wanaoshtuka na kuachia, na wapo wanaochangamka zaidi, wakidhani umekuwa mwanasesere wa kelele. Chai alikuwa wa kundi la pili. Ndiyo maana sauti nyembamba ya mtoto anayekimbia ni hatari: inakuwa kama mawindo. Watoto wetu walifundishwa kuwa mti. Mbwa akichachamaa, simama, kunja mikono kifuani kama matawi, tazama chini miguuni, usiseme. Mti hauchezeki. Mdogo aliupenda mchezo huu kiasi kwamba alikuwa anakuwa mti hata akiambiwa aoge.

Ushauri wa nyumbani nao ulifika, kwa WhatsApp, kutoka mabara matatu. Mpake pilipili mkononi. Mchape puani kwa gazeti. Mbane taya mpaka alie. Mjomba mmoja alipendekeza tumfunge siku mbili bila chakula ili ajue nani baba. Hapana. Mkono unaochapa unamfundisha mbwa kwamba mikono inayokuja usoni ni ya kuhofiwa, na mbwa anayehofia mikono ndiye anayeng'ata. Bibi wa miaka 71 anayenyoosha mkono kushika ukingo wa kiti hana muda wa kumweleza mbwa kwamba mkono huu si wa kuchapa.

Polepole, acha, mkekani

Amri zote tulizifanya Kiswahili. Hili halikuwa la mbwa, lilikuwa la watoto wetu, ambao wanakielewa Kiswahili lakini wakiulizwa wanajibu Kiingereza. Sheria ikawa kwamba Chai hajui Kiingereza. Anayetaka Chai akae, aseme "kaa". Mdogo wangu wa miaka 6, ambaye alikuwa ana maneno kama 30 hivi, sasa anamhutubia mbwa sentensi nzima. Jirani yetu kutoka El Salvador, ambaye hukaa na Chai tukichelewa kazini, naye anasema "kaa" na "njoo" kwa lafudhi ya kwao, na mbwa anamwelewa vizuri tu. Ushauri mmoja: "kaa" na "lala" yanafanana masikioni mwa mbwa, hivyo kila neno lipewe ishara yake ya mkono. Mbwa wengi wanaisoma ishara mapema kuliko neno.

"Polepole" ndilo neno letu la mdomo laini. Kwa wiki kadhaa Chai hakula kwenye bakuli asubuhi. Alikula punje moja moja kutoka mkononi mwangu. Nafumba kipande kwenye ngumi, nasema "polepole". Atalamba, atakwaruza, atajaribu kutafuna vifundo vya vidole. Ngumi haifunguki. Akirudi nyuma hata kidogo, au akigusa kwa ulimi tu, ngumi inafunguka na chakula kipo kwenye kiganja kilichonyooka. Ni kazi ya dakika tano, na baada ya siku chache mtoto wa mbwa anachukua punje kama anayepokea kitu cha yai. Wale mbwa wa kuwinda, Labrador na wenzake, walizalishwa kwa vizazi vingi ili wamletee mwindaji bata bila kumtoboa. Kwa hiyo uwezo huo wa taya upo kwenye ukoo wa mbwa. Chai ukoo wake haujulikani, lakini somo limemwingia.

Zawadi yetu ilikuwa kuku wa kuchemsha, bila chumvi na bila kitunguu. Sisitiza hilo kwa wageni, maana jiko letu bila kitunguu halisimami: kachumbari, rosti, pilau, mchuzi wowote ule. Kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwa mbwa, huharibu chembe nyekundu za damu. Zabibu, zabibu kavu na chokoleti pia. Shangazi akija Jumapili na kutupia mbwa mabaki ya pilau kwa upendo, unaweza kuishia hospitali ya wanyama usiku.

Alipofika miezi minne meno ya utoto yalianza kung'oka. Tuliyaokota kwenye zulia kama punje za mchele. Kipindi hicho, mpaka miezi sita au saba wanapotimiza meno 42 ya ukubwani, fizi zinawasha, na mtoto aliyekwisha nyooka anaweza kurudia kutafuna kila kitu. Karoti nzima iliyogandishwa na kitambaa kilicholowekwa maji na kugandishwa vilituokoa. Mifupa ya kupikwa hapana, inapasuka vipande vyenye ncha.

Mbwa anayehema polepole hang'ati

Watu wengi wanadhani tatizo la kung'ata ni tatizo la mdomo. Nusu yake ni usingizi. Mtoto wa mbwa anahitaji kulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na nyumba yenye watoto haimpi. Januari hapa jua linazama saa 11 jioni, na kila magharibi, kama saa, Chai alikuwa anapagawa: anazunguka meza, anararua soksi, anarukia mikono. Mume wangu alikuwa anasema ameingiwa na kitu. Alikuwa amechoka tu, kama mtoto mchanga aliyepitilizwa muda wake. Tukimweka kwenye kizimba chake na kitu cha kutafuna na shuka juu, dakika tatu amelala.

Kizimba kisiwe jela. Ni chumba chake. Mtoto haingii, hachungulii, hamgusi akiwa humo, wala akiwa anakula.

Utulivu wenyewe unafundishwa, na hili ndilo ninalotamani kila familia ilijue. Kuna programu ya siku 15 iliyoandikwa na Karen Overall, daktari wa tabia za wanyama, na inatumika na wakufunzi wengi. Unachagua kipande cha kulalia. Sisi tunakiita mkeka, ingawa ni blanketi kuukuu, kwa sababu mkeka wa ukindu ungeliwa siku hiyohiyo. Mbwa anakaa au analala hapo, nawe unafanya mambo madogo huku ukimlipa kwa kutulia. Hesabu mpaka tano, mpe. Rudi hatua moja nyuma, rudi, mpe. Piga makofi mara moja taratibu, mpe. Siku zinavyokwenda unatembea kumzunguka, unakimbia papo hapo, unagonga mlango, unatoka chumbani kwa sekunde kadhaa. Ukisoma kwenye karatasi unaona ni upuuzi. Lakini mbwa anajifunza kwamba mambo ya ajabu yanayotokea mbele yake si kazi yake. Usimlipe kwa kukaa wima kama askari. Subiri mwili ulegee, nyonga moja iangukie upande, pumzi ishuke. Hapo ndipo weka kipande katikati ya miguu yake ya mbele, kimyakimya, bila "vizuri sana!" za kumwamsha.

Nje ya nyumba tulimzoesha dunia mapema. John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965 kuhusu tabia za mbwa, walionyesha kwamba mlango wa kuzoea watu na vitu uko wazi zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, kisha unaanza kufungwa. Tatizo ni kwamba chanjo hazijakamilika muda huo, na ugonjwa wa parvo unaua. Madaktari wa tabia za wanyama hapa wanashauri madarasa ya ndani, safi, baada ya chanjo ya kwanza, na kubeba mbwa mikononi penye mbwa wengi. Jumamosi asubuhi nilimbeba Chai ndani ya koti mpaka karibu na kituo cha Metro cha Wheaton, tukasimama mbali kidogo. Zile ngazi za umeme zina urefu wa mita 70, ndizo ndefu kuliko zote upande huu wa dunia, na mngurumo wake unapanda kama kutoka kisimani. Mabasi, masanduku ya magurudumu, watu wenye miavuli, mzee mwenye mkongojo. Kipande cha kuku kwa kila kitu kipya. Akiangalia na kugeuka kwa hiari yake kunitazama, tunakwenda nyumbani. Dakika kumi zinatosha.

Bustani ya mbwa iliyomo Wheaton Regional Park, upande wa Orebaugh Avenue, ni nzuri, lakini mtoto wa mbwa simpeleki. Huwezi kuchagua ataonana na nani, na mbwa mkubwa mmoja asiye na adabu anaweza kufuta kazi ya miezi. Njia za miguu za bustani hiyo, akiwa kwenye kamba, zinatosha.

Kujua kama ametulia, usiangalie mkia peke yake. Mkia unatikiswa kwa furaha na kwa hasira vilevile. Turid Rugaas wa Norway aliandika sana juu ya dalili ndogo: mbwa anapiga miayo bila usingizi, anajiramba pua bila chakula, anageuza uso, weupe wa jicho unaonekana. Hizo ni sentensi. Anasema nimebanwa, nipe nafasi. Akinguruma, usimkemee kwa kunguruma. Mpe nafasi kwanza, kisha ujiulize kilichomkera. Mbwa aliyechapwa mpaka akaacha kunguruma hajaacha kukasirika, ameacha kutoa taarifa.

Na wale wanaokuja kusali?

Rafiki zetu wa karibu hapa ni familia kutoka Tanga. Watoto wetu wamekua pamoja, na kila mwezi wanakuja kula. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wa Maliki wana kauli nyingine, na mimi Mkristo wa mlimani siingii humo. Ninachojua ni kwamba kwao mdomo laini hautoshi. Ulimi wa kirafiki ni tatizo kama jino. Kwa hiyo tulifundisha salamu isiyo na mguso: kengele ikilia, Chai mkekani, nyuma ya kigeti, na salamu yake ni kulala chini. Chumba cha watoto, ambako mbwa haingii kabisa, ndicho cha kusalia, na mswala unakaa humo kabatini. Baba yao alituambia jambo nililofurahi kulijua, kwamba Kurani inaruhusu kula windo lililokamatwa na mbwa aliyefundishwa. Mbwa mwenye elimu, alisema akicheka, ana hadhi yake.

Kwa wanafunzi nina neno fupi. Ukipanga chumba, soma mkataba kabla ya kumpenda mbwa. College Park iko kaunti ya Prince George's, ambayo miaka ya 1990 iliweka sheria ya kukataza pit bull. Uliza hali ilivyo kabla hujahama na mbwa. Hapa Montgomery, mbwa akizidi miezi minne lazima awe na chanjo ya kichaa na leseni ya kaunti, na nje anatembea kwa kamba. Akimng'ata mtu, hata kama amechanjwa, anawekwa chini ya uangalizi siku 10. Hesabu hiyo haikutungwa ovyo: virusi huonekana kwenye mate siku chache tu kabla ya mbwa kuugua, kwa hiyo akiwa mzima siku ya kumi, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata. Na anayefikiria kuja na mbwa kutoka nyumbani ajue kwamba tangu Agosti 2024 masharti ya kumwingiza mbwa Marekani kutoka nchi zenye kichaa, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, ni makali: umri usiopungua miezi sita, kifaa cha utambulisho chini ya ngozi, na karatasi za chanjo.

Mama alifika Mei, wiki ya pili. Wiki nzima alipita sebuleni akiwa ameshika ufagio. Hatukumwambia "usiogope, hang'ati", maneno ambayo kila aliyeng'atwa aliambiwa kabla. Chai alikaa mkekani, nyuma ya kigeti, na kila Mama alipopita nilimtupia kipande. Ilipofika Juni, Chai akisikia ndara za Mama analala mwenyewe na kushusha kidevu sakafuni. Julai ufagio ulirudi jikoni. Mwisho wa mwezi huo Mama aliomba mwenyewe bakuli la kuku, akaketi mita moja na nusu kutoka kwenye kigeti, akatupa kipande, akakunja mkono haraka. Akatupa kingine. "Ana adabu," alisema, "lakini abaki hukohuko."

Amebaki hukohuko. Hakumgusa mpaka anapanda ndege, na sikumwomba amguse.

Sasa Chai ana miezi 11 na tumehamia kwenye kucha, maana kukatwa kucha ndiko kunakowafanya mbwa wengi wapole wageuze kichwa. Kila jioni nashika mguu mmoja, sekunde mbili, kipande cha kuku, naachia. Mkasi bado uko mezani, anauona tu. Jana kwa mara ya kwanza niliugusisha kwenye ukucha bila kukata, naye akapiga miayo, akageuza uso. Nikauweka chini. Leo tunaanzia kwenye mguu mtupu tena.